Sanamu ya farasi wa shaba wa Montreal: iachwe, ing'olewe au iongezewe maneno?

MLETA MADA:
Wakuu, leo tubishane kwa hoja, si kwa matusi. Katika bustani ya Dorchester, Montreal, Kanada, kuna sanamu ya mwaka 1907: askari kashuka chini, kang'ang'ania hatamu za farasi aliyeshtuka. Ni kumbukumbu ya Wakanada waliokwenda Afrika Kusini kuwasaidia Waingereza kupigana na Makaburu, walowezi wa Kizungu wa huko wenye asili ya Uholanzi, 1899 hadi 1902. Walikwenda zaidi ya 7,000, na kama 270 hawakurudi. Tuiache ilivyo, tuing'oe au tuiongezee maneno?

Mimi nasema tuiongezee. Ushujaa wao sibishi. Lord Strathcona, mwakilishi wa Kanada kule London na tajiri wa reli, alitoa fedha zake akaunda kikosi kizima cha farasi. Wengi walikuwa wachunga ng'ombe na polisi wa magharibi, watu waliokulia kwenye tandiko, chini ya Sam Steele. Na pale Leliefontein, tarehe 7 Novemba 1900, askari wa farasi wa Kanada waliwazuia Makaburu ili mizinga miwili isitekwe. Sajini Edward Holland alikuwa na bunduki ya rasharasha iliyokokotwa na farasi. Farasi kaishiwa pumzi, adui kafika karibu. Jamaa akaing'oa bunduki kwenye gari lake, akaikwapua akatimka nayo. Siku hiyo moja Wakanada watatu walijipatia Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza.

Lakini vita vilikuwa vimeshabadilika. Makaburu waliacha kupanga safu, wakawa wanavizia na kutoweka. Dawa waliyoipata Waingereza ni kuchoma nyumba, kuteketeza mazao, kuua mifugo na kuwasomba wanawake na watoto kambini. Wakanada nao walishika viberiti. Zaidi ya 26,000 walikufa katika kambi hizo walimofungiwa Makaburu, wengi wao watoto. Hilo halimo kwenye shaba.

MCHANGIAJI WA KWANZA:
Mkuu, unawahukumu wafu kwa macho ya leo. Hao walikuwa watoto wa watu. Zaidi ya nusu ya Wakanada waliokufa hawakuuawa na risasi, waliuawa na maradhi, hasa homa ya matumbo. Pale Paardeberg, Februari 1900, mizoga ya farasi na ng'ombe ilikuwa ikielea mtoni, na maji ya kunywa ni hayohayo.
Halafu tazama mapigano ya Hart's River, 31 Machi 1902, miezi miwili tu kabla ya amani. Luteni Bruce Carruthers na watu wake 21 hivi walibaki nyuma uwanda mtupu, hata kichaka cha kujificha hakuna, wakapiga mpaka wengi wao wakaanguka. Mmoja, majeraha yakimmaliza, aliivunja bunduki yake ili adui asiitumie. Huyo naye umwandikie "mchoma nyumba"?

MLETA MADA:
Ndugu yangu, macho ya leo yapi? Henri Bourassa alijiuzulu ubunge kule Kanada Oktoba 1899 kwa sababu waziri mkuu Laurier alituma askari bila kuliita bunge. Wapiga kura wake wakamrudisha bila mpinzani. Mwingereza Emily Hobhouse naye alizitembelea kambi na kupiga kelele vita vikiendelea. Watu walijua. Na huyo wa Hart's River simwondoi. Nataka na waliochomewa nyumba waandikwe kando yake.

MCHANGIAJI WA PILI (Eldoret):
Mnagombania Mzungu na Mzungu. Sisi huku Makaburu tunawajua: mwaka 1908 walikuja na magari ya ng'ombe wakakata mashamba Uasin Gishu, mji wetu ukaitwa Sisibo, yaani "sixty-four", kwa namba ya kiwanja, 64. Mimi nauliza Waafrika wako wapi katika hesabu zenu. Nao walisombwa na Waingereza kwenye kambi zao, na wanahistoria wengi wanakadiria walikufa 20,000 au zaidi. Amani ilipotiwa saini 31 Mei 1902, kifungu cha nane kilisema suala la kura ya wenyeji lisubiri mpaka Wazungu wapewe kujitawala. Likasubiri kweli!

Mleta mada, ukiongeza maneno, ongeza na hao. Farasi mnaowalilia wana mnara wao Port Elizabeth (leo Gqeberha), Afrika Kusini, tangu 1905, askari kapiga goti anamnywesha farasi kwa ndoo. Waliozikwa katika kambi za weusi, makaburi yao mengi hayana hata jina.