Papa ya Bibi

Kikundi: WATU WA BARABARA YA TISA
Alhamisi, 1 Januari 2026

Mama (saa 3:05 asubuhi): Assalaam alaykum wanangu. Mwaka ndio huo. Kila mmoja aseme amepanga nini, tuombeane dua. Msinitumie zile picha za maua mlizotumiwa na watu. Andikeni ya kwenu.

Kaka Hamisi: Waalaykum salaam. Shikamoo Mama, shikamoo Shangazi. Mimi nyumba ya Mwanza tu. Kenchi zimeshapanda, bado bati.

Mama: Marahaba baba. Mungu akuwezeshe. Zuhura je?

Zuhura: Shikamooni wazazi wangu. Yangu ni marefu, mniwie radhi.

Zuhura: Mwaka jana nimehariri vitabu 11. Mwaka huu nachukua 7, havizidi. Mnakumbuka Novemba niliwatumia picha ya kile kitabu cha watoto, mkanipongeza? Sikuwaambia kwamba ukurasa wa 3, mstari wa kwanza kabisa, umeandikwa "ghari" badala ya "ghali". Nakala 2,000. Prufu ile niliisoma saa saba usiku, macho yanafumba yenyewe, na miswada mingine miwili inanisubiri mezani. Mtoto wa darasa la pili atalijua neno hilo hivyo, na aliyempitishia ni mimi. Limenikaa rohoni mpaka leo.

Mama: Pole mwanangu. Ndiyo maana ulikuwa huli vizuri ulipokuja.

Kaka Hamisi: Pole sana mdogo wangu. Ila ukitoa vitabu vinne, kodi utalipa na nini? Nauliza kwa nia njema.

Zuhura: Nimepiga hesabu, Kaka. Kati ya vile 11, viwili sijalipwa hata senti. Ni vya mteja mmoja. Alipokea kazi, akaisifu, sasa simu yangu haipokei. Cha tatu nimelipwa nusu. Yaani nimefanya kazi ya vitabu 11, nimekula ya vinane na nusu. Mwaka huu nusu inatangulia kabla sijafungua faili, nusu nyingine siku ya kukabidhi. Na mkataba wa karatasi moja, hata kwa rafiki. Hasa kwa rafiki, ili tubaki marafiki.

Kaka Hamisi: Hapo sawa. Nitumie huo mkataba niuone kabla hujaanza kuutumia.

Juma: Shangazi Zuhura shikamoo. Kwani akili mnemba si inasahihisha yenyewe siku hizi?

Zuhura: Marahaba Juma. Tahajia inashika, hilo nakubali. "Ghari" ingeishika. Lakini sikiliza hii. Nilikuwa na muswada wa mambo ya jahazi, mwandishi kaandika "kamba ya nanga" kila mahali. Mabaharia wenyewe ndio wanaozungumza, na msomaji wa Pangani au Kilwa atajua papo hapo kwamba hawa watu hawajawahi kupanda chombo. Nikampigia Mjomba. Akasema, "Mwanangu, hiyo ni amari." Nikafungua kamusi, neno limo. Nikaliweka. Programu ikalipigia mstari mwekundu, ikataka niandike "amri". Ingekuwa mimi simjui Mjomba, ningekubali.

Juma: Duh. Amari. Sijawahi kulisikia.

Zuhura: Ndiyo sababu nataka muda. Kila muswada mwaka huu nausoma mara tatu. Ya kwanza sishiki kalamu, nijue kwanza mwandishi anakwenda wapi. Ya pili ndiyo ya kalamu. Ya tatu kwenye karatasi, mchana, kwa sauti. Sikio linashika kile ambacho jicho limeshakizoea.

Mama: Na miwani. Umesema macho yanafumba.

Zuhura: Na miwani, Mama. Jumatatu naenda kupima.

Zuhura (saa 4:20): Sasa lililo kubwa. Ule mkebe wa biskuti kabatini kwa Shangazi, wenye barua za Bibi alizoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Nataka mwaka huu usiishe kabla sijazisoma mwenyewe, barua zote 23, na kuzinakili kwa herufi hizi tunazotumia, wajukuu wazipate. Baada ya Idd, Mungu akitujaalia kuifunga na kuimaliza Ramadhani, naja Tanga wiki mbili. Shangazi, naomba unifundishe.

Shangazi Mgeni: Marahaba wote. Njoo. Lakini kusoma Kurani unajua, hiyo si ngeni kwako.

Zuhura: Kurani imetiwa irabu zote na nimefundishwa neno kwa neno, Shangazi. Kiswahili cha Bibi kinanishinda. Kiarabu hakina e wala o, basi alama moja ya irabu, kasra, inasomwa i na e, na nyingine, dhumma, inasomwa u na o. Kaf mbili zenye dhumma ni "kuku" au ni "koko"? P hana, ameandika be. Na "mb" ameandika be tupu, ile m haionekani kabisa.

Juma: Sasa watu walisomanaje?

Shangazi Mgeni: Walijuana. Mama akimwandikia baba, baba anajua mama anasema nini.

Zuhura: Tazameni hii, ya Rajabu 1377, yaani mwanzoni mwa 1958. Babu yuko bandarini Dar es Salaam, Bibi yuko Pangani.
[Picha]
Mstari wa nne. "Nimekuletea", halafu be mbili, kila moja na fat-ha, alama ya a, juu yake, halafu "kwa mkono wa nahodha". Be mbili hizo zaweza kuwa baba, papa, bamba au pamba. Mimi nimeandika pamba, kwa sababu kwenye barua ya kabla yake Babu anaonekana kulalamikia mto wa kulalia.

Salma wa Muscat: Assalaam alaykum nyote kutoka Muscat. Nimemwonyesha mwanangu, anasoma Kiarabu shuleni. Kasoma "baba" moja kwa moja. Akaniuliza, mama, huyu bibi amemtuma baba yake kwa jahazi?

Mama: Maskini mtoto wa watu.

Shangazi Mgeni: Si pamba. Papa. Soma mstari unaofuata.

Zuhura: Huo ndio ulionishinda, Shangazi. Wino umesambaa.

Shangazi Mgeni: [Sauti, 1:12]

Zuhura: Nawaandikia mlioko kazini na hamwezi kusikiliza. Shangazi anasoma: "uiloweke usiku kucha, maji ya kwanza umwage, chumvi isikudhuru".

Kaka Hamisi: Hapo kesi imeisha. Nani analoweka pamba usiku kucha.

Zuhura: Subirini kidogo, hapa ndipo mimi nilipokwama. "Uiloweke." Papa ni mnyama, si angeandika "umloweke"? Hiyo "i" ndiyo iliyonithibitishia kwamba ni pamba.

Shangazi Mgeni: Papa akiwa baharini ni mnyama. Akishapasuliwa, akatiwa chumvi, akaanikwa, ni kitoweo. Mama alikuwa akisema "papa yangu iko wapi". Hata mimi nasema hivyo.

Mama: Kweli wifi. Mimi nilipoolewa hapo nilishangaa, baadaye nikazoea.

Zuhura: Nimenyamaza hapa, natazama karatasi. Mnajua kama huu ungekuwa muswada wa mteja, ningefanya nini? Ningeikata ile "i" nikaweka "m", na pembeni nikaandika "upatanisho". Ndiyo kazi yangu ya kila siku na sijutii kuifanya, kitabu cha shule lazima kiwe na Kiswahili kimoja. Lakini Kiswahili sanifu chenyewe kimejengwa juu ya Kiunguja, walikubaliana hivyo kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na kamati ya lugha ikaanza kazi 1930. Bibi alikuwa ameshazaliwa. Alikuwa anakula papa yake Pangani na kuiita papa yake.

Zuhura: Kwa hiyo naahidi mbele yenu. Barua za Bibi sitazihariri. Nitaandika alichoandika. Neno gumu nitalieleza chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, na pale Shangazi atakapokuwa hana hakika nitaacha nafasi wazi, sitabuni.

Shangazi Mgeni: Hapo umesema. Mungu akubariki.

Mama: Zuhura, na mimi nina langu. Kwenye mkebe ule kuna barua ya mambo ya ndani. Wifi anaijua. Hiyo isitoke.

Shangazi Mgeni: Ziko mbili.

Zuhura: Hazitoki, Mama. Nyinyi wawili mnasoma kwanza, mnaniambia ipi ya wote na ipi ya mkebeni. Zile za wote, mkikubali, nitatoa nakala moja ya picha kwa Maktaba ya Chuo Kikuu Dar es Salaam, wana hazina ya maandishi kama haya. Zenyewe zinabaki Tanga.

Salma wa Muscat: Hapa kwetu pia kuna bahasha ya barua. Bibi yetu aliondoka nayo Unguja. Mama anaijua ilipo. Naogopa kuzigusa, karatasi imekuwa kama jani kavu.

Zuhura: Usizinyooshe kwa nguvu Salma! Zilizokunjwa ziache zilivyo, tupige picha zile zinazofunguka zenyewe. Weka juu ya kitambaa cheupe karibu na dirisha, asubuhi, jua lisizipige moja kwa moja. Usiwashe mwanga wa simu. Simu iwe juu sawasawa, isiinamie upande, halafu piga na nyuma ya karatasi hata kama unaona haina kitu. Na bahasha yenyewe, mihuri ya posta itatupa tarehe.

Salma wa Muscat: Ijumaa kesho niko nyumbani. Nitafanya.

Kaka Hamisi: Nauli ya Tanga kwenda na kurudi juu yangu. Na skana ndogo nitakununulia bati zikishakaa.

Zuhura: Kaka, umenitoa machozi.

Shangazi Mgeni: Usingoje Idd. Tunaanza leo. Chukua karatasi, andika alifu mpaka ye kwa mkono wako, halafu andika "papa ya Bibi". Nitumie baada ya alasiri.

Zuhura (saa 10:40 jioni): [Picha]

Shangazi Mgeni: Mkono mzuri. Lakini hiyo be ya tatu umeweka nukta juu, imekuwa nuni. Nukta ya be inakaa chini. Andika tena.

Zuhura: Naam Shangazi. Naandika tena.