MREJESHO: Safari ya visiwani na bibi wa miaka 78

Ndugu zangu, niliwauliza kama inafaa kumtoa bibi kule Kondoa, na magoti yake mabovu, tukazunguke visiwani pamoja na wazazi wangu na wanangu wawili. Tumerudi Dodoma juzi, salama.

Aliyesema tuache basi tupande treni ya SGR, Mungu ambariki. Bibi alifika Dar hajachoka.

Boti ndiyo ilitutesa. Ni kama saa mbili tu hadi Unguja, lakini mkondoni mawimbi yalikuwa makali na mama alitapika njia nzima. Dawa ya kichefuchefu tulimpa tukiwa tayari baharini, kumbe inamezwa kabla ya kuondoka. Wakati wa kurudi aliimeza mapema, tukakaa katikati upande wa nyuma, akasinzia.

Safari ya Changuu, kisiwa kidogo karibu na mji wa Unguja, nilitaka kuifuta kwa sababu ya bibi. Mashua haifiki pakavu, unashukia majini. Vijana wawili wakambeba kwa adabu, "Shikamoo bibi, tushike shingo." Alikaa karibu na wale kobe wakubwa wenye asili ya Shelisheli, akawalisha majani, akamuuliza baba, "Huyu amenizidi umri?" Baba akamjibu, "Sana, mama." Sikuwahi kumwona bibi akicheka hivyo tangu babu afariki.

Nungwi, kaskazini mwa Unguja, tulilala siku mbili. Kule maji hayapwi mbali kama Jambiani, pwani ya mashariki, watoto waliogelea hata mchana.

Pemba tumeiacha, bibi ameshaanza kuulizia.