Mwanangu anatakiwa afikishe kilo 136 ili acheze mpira wa Kimarekani chuoni. Naombeni ushauri

MamaTuma_Texas

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari zenu. Jambo hili linanikosesha raha tangu Krismasi na huku niliko sina mtu wa kulizungumza naye akanielewa.

Mwanangu wa pili yuko mwaka wa kwanza chuo kikuu huko kaskazini. Amepata ufadhili kamili wa mpira wa Kimarekani: ada, malazi, chakula, vitabu. Anacheza mstari wa mbele upande wa kushambulia, wale watano wanaosimama mbele ya mrusha mpira kumkinga asiangushwe. Alimaliza sekondari akiwa na futi 6 na inchi 5, kilo 118. Sisi tulimwona pandikizi la mtu. Makocha wakamwambia bado mwembamba. Msimu huu wamemweka nje ajijenge kwanza, na lengo alilopewa ni kilo 136 kabla ya mazoezi ya mwezi wa tatu. Alianza Agosti, na alipokuja likizo mizani ilisoma 133.

Anavyokula sijawahi kuona. Asubuhi mayai sita, uji wa shayiri, mkate na nyama. Saa nne anakula tena. Mchana sahani ya wanaume wawili, baada ya kunyanyua vyuma anakunywa maziwa yenye unga wa protini, jioni anakula mara mbili. Kabla ya kulala mikate miwili yenye siagi ya karanga. Saa nane usiku simu inalia, anaamka anakunywa chupa nyingine, analala. Siku ya Krismasi nilipika pilau. Alimaliza sahani mbili, akatoka nje kwenye baridi akashika ukuta anavuta pumzi, akarudi mezani kwa ya tatu. Nikamwambia, baba, umeshashiba, acha. Akanijibu: "Mama, sijasikia njaa tangu Agosti."

Kinachonitisha zaidi ni usiku. Anakoroma mpaka mdogo wake anahama chumba, halafu kimya kabisa, halafu anashtuka kama mtu aliyeibuka majini. Kufunga kamba za viatu mpaka akae na apumzike katikati. Ana miaka 18.

Baba yake anafurahi, anasema kijana ana mwili na chuo tunasomeshewa bure. Lakini kwao presha imeshika ukoo, na babu yao alikufa kwa kiharusi. Je, hii ni hali ya kawaida kwenye mchezo huu? Naweza kumsaidiaje bila kumharibia nafasi yake?

Mzee_wa_Kahama

Hongera mama, kwanza tumshukuru Mungu. Ada ya chuo huko tunaisikia, ni fedha ambayo mzazi wa kawaida haipati hata auze shamba. Kijana mwenyewe amekubali, makocha wanajua kazi yao. Mwache ale, muombeeni.

Mtoto_wa_Bukavu

Mama, pole na hongera kwa pamoja. Mimi nimezaliwa Bukavu, nimekulia Iowa, na nimecheza mstari wa ulinzi kwenye chuo kidogo. Sasa nafundisha vijana wa sekondari. Nikujibu swali la kwanza: ndiyo, ni kawaida, na wewe kuogopa ni haki yako vilevile. Vyote viwili ni kweli.

Mchezo wenyewe umebadilika. Mwaka 1978 NFL, ligi ya wachezaji wa kulipwa, iliruhusu watu wa mstari kunyoosha mikono na kusukuma kwa viganja wanapomkinga mrusha mpira. Tangu hapo mtu mzito mwenye mikono mirefu akawa dhahabu. Mwaka 1985 William Perry, aliyetokea Clemson, alipoingia Chicago Bears alikuwa gumzo la nchi nzima kwa unene wake, wakampa jina la Friji. Leo kwenye vyuo vikubwa pauni 300, yaani hizo kilo 136, ndipo mahali pa kuanzia. Kila pambano moja, tangu mpira uanzishwe mpaka usimame, linachukua kama sekunde tano, mtu anagongana na mtu, wanapumzika, wanarudia. Mwenye uzito mdogo anasukumwa nyuma mpaka anamkalia mrusha mpira wake mwenyewe.

Chakula nacho kina historia yake. Zamani chuo kilikuwa na mipaka ya kulisha wachezaji. Mkate wa bagel uliruhusiwa kama kitafunio, lakini ukipakwa jibini laini unahesabiwa mlo. Aprili 2014 Shabazz Napier wa Connecticut, mchezaji wa kikapu aliyekuwa ametwaa ubingwa, alisema hadharani kwamba kuna usiku analala na njaa. Mwezi huohuo NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ikapitisha milo na vitafunio bila kikomo kwa wachezaji wa daraja la kwanza. Kwa hiyo mwanao ana bwalo lililojaa, na karibu hakika kuna mtaalamu wa lishe aliyeajiriwa na timu. Muulize kama amewahi kukaa naye ana kwa ana, au ametajiwa kilo za kufikia tu akaachwa ajijazie. Hapo ndipo utajua yuko kwenye mikono gani. Niliona wenzangu wakijaza uzito kwa pizza na soda usiku wa kuamkia kupimwa ili wasigombezwe. Mizani inaridhika, miguu inakuwa mizito, na kocha huyohuyo anaanza kulalamika kwamba kijana amekuwa mzembe.

Nesi_Dallas

Dada MamaTuma, mimi ni muuguzi wa wodi ya moyo, nikitokea Mbeya. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Hapo kwenye usingizi usisubiri.

Kukoroma, kunyamaza, kisha kushtuka ni dalili ya pumzi kukatika usingizini. Kwa vijana wa mstari wenye shingo nene huonekana sana. Kila pumzi inapokatika moyo unalazimishwa kufanya kazi na presha inapanda, usiku kucha. Kipimo chake kinafanyika hata nyumbani kwa kifaa cha kuvaa, na tiba ipo. Mwambie aende kwa daktari wa timu aseme maneno hayohayo uliyoyaandika hapa. Asiseme tu "nachoka".

Presha ipimwe kwa kitambaa kikubwa cha mkono wake. Kitambaa kidogo kwenye mkono mnene kinatoa namba za uongo. Watafiti wa Boston waliwafuatilia wachezaji wa mwaka wa kwanza wa chuo, wakaona presha za watu wa mstari zikipanda ndani ya msimu mmoja tu. Na mwaka 2012 taasisi ya serikali, NIOSH, ilitoa matokeo ya wachezaji 3,439 wa NFL wa zamani. Kwa jumla walikuwa wanaishi muda mrefu kuliko wanaume wengine, lakini waliocheza mstari wa ulinzi walikuwa na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo asilimia 42 zaidi ya wanaume wa kawaida. Kwa ukoo wenye presha na kiharusi, namba hizo mzee nyumbani azisikie.

Kuna jambo lingine ambalo Wamarekani wengi hawalifikirii haraka kama sisi. Nyinyi ni watu wa wapi kwa asili? Kama ni Kanda ya Ziwa, naomba ujue hali yake ya selimundu (sickle cell). Siongelei ugonjwa, naongelea mbebaji, yule mwenye kinasaba kimoja ambaye anaishi miaka yote bila dalili. Kwenye mazoezi ya kukimbizwa mfululizo bila kupumzika, mbebaji anaweza kuanguka na kufa. Mwaka 2006 Dale Lloyd II, mwaka wa kwanza chuo cha Rice hapohapo Houston, alifariki hivyo, na baadaye NCAA ikalazimisha kipimo hicho. Mbebaji anaruhusiwa kucheza, ila makocha wanatakiwa wajue, apumzishwe na apewe maji, na akisema miguu imekaza aachwe palepale. Usiridhike kusikia "nilitoa damu". Taka kuona majibu.

MamaTuma_Texas

Nesi, umenishtua. Baba yake ni wa Ukerewe na mimi ni wa Magu. Kijana alizaliwa Mwanza, tumekuja huku akiwa na miaka mitatu. Sijawahi kuona jibu la selimundu. Nimemtumia ujumbe sasa hivi.

Mtoto_wa_Bukavu

Nesi asante. Mimi naongeza joto. Mtu wa kilo 140 mwenye kofia ngumu na mapedi anachemka haraka na anapoa polepole. Korey Stringer wa Minnesota Vikings alikufa Agosti 2001 kwa kiharusi cha joto, akiwa na miaka 27 na pauni 335. Jordan McNair, mtu wa mstari wa Maryland, miaka 19, alianguka mazoezini mwisho wa Mei 2018 akafariki Juni. Hakuwekwa kwenye maji ya barafu, na rais wa chuo alikiri hadharani kwamba chuo kinabeba lawama. Kanuni ni kumpoza kwanza, gari la wagonjwa baadaye. Mama, muulize mwanao: pipa la barafu liko wapi uwanjani kwenu? Kama analijua bila kufikiri, vizuri.

Jiko_la_Lishe

Mimi ni mtaalamu wa lishe, niko Morogoro, na ninafanya kazi na wachezaji wa raga na ngumi. Kilo 15 chini ya miezi mitano ni kasi kubwa. Mwili haujengi misuli kwa mwendo huo, sehemu nzuri ya hizo kilo ni mafuta. Nusu kilo kwa wiki ndiyo ningependa kama dari, na mstari wa kiuno upimwe pamoja na mizani.

Kuhusu saa nane usiku: kwa mtu ambaye tayari usingizi wake unakatika, ile simu inamnyang'anya zaidi ya inachompa. Usingizi ndio unaojenga misuli. Chupa ile aihamishie baada ya mazoezi.

Akija nyumbani usimpunguzie sahani, mbadilishie. Ugali na dagaa wa kukaanga kwa mafuta kidogo, maharage ya nazi, parachichi, mtindi, viazi vitamu, samaki. Hivi vinatoa nguvu nyingi na havimwachi akishika ukuta nje. Juisi na soda ziondoke kabisa. Na chumvi, kwa sababu ya ukoo, ipungue. Vile vipande vya kuongeza ladha ya mchuzi, vinavyofungwa kwenye karatasi, usitumie.

Kijana_wa_Arusha

Mimi sikubaliani na wote. Kama mchezo unadai mtu ajiharibu mwili akiwa na miaka 18 ili asome, basi atoke, asome kwa mkopo kama wengine. Afya hairudishwi na digrii.

Mtoto_wa_Bukavu

Ndugu, nakuelewa, na kama majibu ya daktari yatakuwa mabaya nitakuwa upande wako. Lakini uzito huu unashuka, nimeuona ukishuka. Joe Thomas, mtu wa mstari aliyetoka Wisconsin, alicheza Cleveland Browns mpaka 2017, yale mapambano ya sekunde chache 10,363 mfululizo bila kutoka, na alipostaafu akapunguza zaidi ya kilo 20. Alan Faneca aliyetoka LSU alipunguza zaidi ya 45, na mwaka 2014 akakimbia maratoni ya New Orleans chini ya saa nne. Wanaoumia ni wanaoacha mpira na kuendelea kula vilevile, kwa sababu hakuna aliyewafundisha kushuka. Mama, kwenye mazungumzo na mtaalamu wa lishe wa timu, kijana aulize pia mpango wa kushuka. Timu nzuri wanao.

Na kitu cha mwisho cha kiutendaji. Ana miaka 18, chuo hakitakwambia chochote kuhusu afya yake bila saini yake. Kuna fomu ya kuruhusu mzazi apewe taarifa. Aisaini. Halafu usimwandikie kocha, mwandikie mkufunzi wa tiba wa timu, mistari mitatu: ukoo una presha na kiharusi, kijana pumzi inakatika usingizini, naomba majibu ya selimundu. Ukiandika hivyo kwa maandishi, lazima mtu aufanyie kazi ujumbe huo, na kijana hatasemwa kwamba mama yake amekuja kulialia.

MamaTuma_Texas

Mungu awabariki wote. Amejibu. Anasema alisaini karatasi nyingi siku ya kwanza, hajui selimundu ilisomekaje, ila pipa la barafu analijua, liko nyuma ya goli la kaskazini. Fomu ataisaini Jumatatu na ujumbe kwa mkufunzi wa tiba nimeshauandika, mume wangu ameusoma na kuongeza jina la ugonjwa uliomuua baba yake. Majibu yakitoka nitaleta mrejesho hapahapa.