Notisi nimezimeza zote, lakini swali la "utaanza na nini" linaniangusha

Binti_Chikongola
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Nipo Mtwara mjini, mwaka wa pili diploma ya uuguzi na ukunga. Nimepata sapu ya ukunga, yaani narudia mtihani, na inaniuma, maana sikuwa mvivu. Msimu mzima wa korosho mama yuko shambani Newala anaokota ili nilipe ada, mimi nimejifungia chumbani nakremu. Ukiniambia "taja dalili za kifafa cha mimba" nazitaja hadi ya mwisho. Nikikutana na kisa, nabaki natazama karatasi. Hiki ndicho kilichonishinda, nakiandika kama ninavyokikumbuka:

Mama amejifungua mtoto wa nne, saa mbili zimepita. Damu inatoka kuliko kawaida. Mji wa mimba ni mlaini, uko juu ya kitovu na umeelemea kulia. Ukiukanda unakaza, ukiacha unalegea tena. Utafanya nini kinachofuata? Kupima presha, kuongeza oksitosini, kumsaidia akojoe, au kumwita daktari?

Nilichagua oksitosini, ile dawa ya kukaza mji wa mimba. Notisi zinasema mji ukilegea, oksitosini. Nimekosea wapi? Na huku kufikiri kunakosemwa kila siku darasani, mtu anajifunzaje?

Mkunga_wa_Kusini
Marahaba mwanangu. Pole na sapu, na mama yako Mungu amtie nguvu.

Umesoma "mlaini" ukasimama hapo. Jibu lilikuwa kwenye "umeelemea kulia". Kibofu kikijaa kinausukuma mji wa mimba juu na pembeni, mara nyingi kulia, na ukishasukumwa haukazi ukatulia. Mishipa pale kondo lilipobanduka inabaki wazi, damu inaendelea. Oksitosini si dawa mbaya, na huyo mama anaweza kuihitaji, ila kinachouzuia mji kukaza bado kimekaa palepale. Anakojoa kwanza, akishindwa, unampitishia mpira wa mkojo.

Mimi hili sikulipata darasani. Nikiwa mgeni kazini, wilaya moja ya Lindi, usiku, nilikanda tumbo la mama mmoja mpaka mikono ikafa ganzi. Kitenge kinalowa, nabadilisha, kinalowa tena. Akaja sista mkubwa, akaweka kiganja chini ya kitovu, akamuuliza yule mama kwa upole, "Umekojoa tangu uzae?" Mama akatikisa kichwa. Alikuwa anaona haya kuomba beseni mbele ya mabinti wadogo. Alipokojoa, mji ulikaza chini ya mkono wangu kama embe bichi. Ugumu ule naukumbuka hadi leo.

Kwa hiyo ukienda wodini, usianze na faili. Simama miguuni mwa kitanda, mtazame mgonjwa, ujiulize: kipi kinaweza kumuua kwanza, na nimejuaje? Hilo la pili ndilo mnaloliruka.

Kaka_Masasi
Dada, mimi nilianguka kama wewe, nikamaliza mwaka jana. Kilichonisaidia ni kufanya maswali machache kwa muda mrefu. Nafunika majibu, naandika langu, nafunua, halafu kwa kila jibu nililoliacha naandika sentensi moja: lingekuwa sahihi lini? Kisha nabadili kitu kimoja kwenye kisa.

Mfano, mama wa kifafa cha mimba yuko kwenye magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, saa ya dozi imefika. Anapumua mara 18 kwa dakika, ukigonga goti mguu unaruka, mkojo unazidi mililita 30 kwa saa. Mpe. Sasa badilisha: anapumua mara 10, goti halijibu, yaani dawa imeshamzidi. Saa ni ileile, dozi ni ileile, lakini ukimpa unamuua. Unasitisha, unamsaidia kupumua, kalsiamu glukoneti, inayopinga magnesiamu, gramu 1 inaingia taratibu kwenye mshipa. Mwenye kukremu saa ya dozi anachoma sindano.

Zaidi ya hapo, shika mpangilio huu: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu. Utafaulu.

Mkunga_wa_Kusini
Kaka, hapo mwisho taratibu. Mgonjwa anaongezewa damu, anaanza kutetemeka na kifua kinambana. Wanafunzi wangapi wanakimbilia oksijeni huku damu ileile inaendelea kuingia? Funga damu kwanza. Ule mpangilio ni mzuri, usiufanye hirizi.

Binti, jaribu hiki. Mtoto wa miezi 8 kaletwa zahanati Mikindani, anaharisha siku ya pili. Macho yameingia ndani, amelegea, haamki kirahisi. Ngozi ya tumbo ukiifinya inachukua sekunde tatu kurudi. Unaanza na nini, na umejuaje?

Binti_Chikongola
Asante sana mama, asante kaka. Mkono ulishaandika ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya kunywa, nikafuta. Haamki, hataweza kunywa. Hilo, macho na ngozi vinaniambia upungufu wa maji ni mkali. Kwa hiyo dripu ya Ringer, maji ya chumvi ya kuingiza mshipani: mililita 30 kwa kilo saa ya kwanza, 70 kwa kilo saa tano zinazofuata. Lakini uzito hukuutaja.

Mkunga_wa_Kusini
Nilikuwa naungoja uuulize. Kilo 7.

Binti_Chikongola
Basi mililita 210, kisha 490. Mama, na mshipa ukikosekana? Nampitishia mpira wa puani au nampa rufaa?

Mkunga_wa_Kusini
Hilo sikukuuliza, umejiuliza mwenyewe. Haya niambie: anaweza kufika penye dripu ndani ya dakika 30?