Mrejesho: ada ya kozi yangu ya ushonaji mtandaoni

Wakuu, niliuliza niwahoji vipi wanafunzi wangu kama ada ya shilingi 30,000 ni kubwa. Mmoja wenu akanipa maswali manne ya Peter van Westendorp, Mholanzi aliyeyatoa mwaka 1976: bei gani ni ndogo mpaka unatilia shaka ubora, ipi ni nafuu, ipi ni ghali ila utajikaza, na ipi huigusi kabisa. Nikayatuma, wakajibu bila majina.

Ahsanteni sana. Ningeuliza tu "ni ghali?" wangeitikia wote ndiyo, nani anakataa punguzo?

Kumbe ile 10,000 niliyotaka kushukia, wengi wanaiona ya kitapeli. Kinachowauma ni bando la kufungulia video, halafu msimu. Huku Masasi hela inaonekana minada ya korosho ikianza, Oktoba na kuendelea; Machi utamdai nani? Na wanachokithamini kuliko video ni mimi kukagua picha za mikato yao kabla hawajaharibu kitambaa. Sikuwahi hata kukitaja kwenye tangazo.

Ada imebaki palepale, ila wanalipa kwa awamu, na video nimezipunguza uzito. Walioacha njiani nimewauliza kando. Majibu yao yanadondoka mojamoja.