Shindano la kuimba la televisheni limeharibikia wapi?

MamaKwaya_Moshi aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, poleni na majukumu. Ninaandika nikiwa Majengo, Moshi, na ninaomba maoni ya wale waliofuatilia mashindano ya kuimba kwenye televisheni tangu miaka ile ya mwanzo ya Bongo Star Search na Tusker Project Fame. Shindano ninalolizungumzia ni jingine, na sitalitaja jina kwa kuwa sikusudii kumharibia mtu kazi yake, wanaolitazama watalitambua. Misimu yake ya awali ilitukusanya nyumba nzima sebuleni, na baada ya kipindi watoto walibishana hadi usiku kuhusu nani ameimba vizuri na nani amekosea wapi.

Siku hizi kipindi kinachukua saa nzima, lakini nyimbo zenyewe ni vipande tu. Muda unaobaki unaliwa na majaji wanaotaniana wao kwa wao, na matangazo ya wadhamini, na masimulizi marefu ya shida alizopitia mshiriki, mama yake akihojiwa huku analia na kinanda cha huzuni kikisikika nyuma. Sipingi kuelezwa mtu ametoka wapi. Ninalalamika kwa sababu nikishajua baba yake alifariki lini na waliuza shamba gani, bado sijui kama kijana huyo anaweza kushika sauti ya pili bila kuyumba. Sisi tuliolelewa kwenye kwaya za usharika tunajua kwamba mwimbaji hujulikana katika ubeti wa pili na wa tatu, pale pumzi inapoanza kupungua, na ubeti huo hatuupati kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo limeniuma kuliko yote. Wakati wa usaili, binti mmoja alishikwa na woga hadi sauti ikakatika, na majaji wakacheka. Kipande hicho kikarudiwa tena na tena kuwa kivutio cha kipindi kijacho. Yule ni mtoto wa mtu. Naomba mnisaidie kuelewa: tatizo ni watayarishaji, ni utaratibu wa kura, au ni sisi watazamaji tuliobadilika?

Mkazi_Ngarenaro alijibu:

Dada yangu, kwa upande wangu niliacha kutazama kwa sababu ya kura. Utaratibu wa ujumbe mfupi unamruhusu mtu mmoja kutuma kura nyingi kadiri salio lake linavyomruhusu, na kila ujumbe unakatwa zaidi ya bei ya kawaida. Mshiriki mwenye mjomba mwenye uwezo anavuka mchujo. Mwenye sauti anarudi kwao Karatu. Kisha hatutangaziwi idadi ya kura, tunatajiwa majina tu. Kama fedha ni za kwetu, hesabu nayo iwe ya wazi.

FundiSauti_Kijenge alijibu:

Mama, heshima yako. Mimi ni fundi wa sauti hapa Arusha, nimefanya kazi kwenye matamasha na harusi nyingi, na ninaomba nieleze jambo ambalo mtazamaji hulisikia bila kulitambua. Shindano hilo lilipoanza lilikuwa na bendi inayopiga jukwaani. Bendi inamsikiliza mwimbaji: ikiwa wimbo uko juu mno kwa sauti ya msichana fulani, mpiga kinanda anaushusha ufunguo, yaani kiwango cha juu au cha chini ambacho wimbo unaimbiwa, wakati wa mazoezi, na akichelewa kuingia, mpiga ngoma anamsubiri. Siku hizi wanatumia muziki uliorekodiwa tayari, na mara nyingi ufunguo wake ni ule ule wa msanii wa awali. Kijana mwenye besi nzuri, yaani sauti nzito ya chini, anapewa wimbo wa mtu mwenye sauti ya kiume ya juu sana, anakwama kwenye kiitikio, halafu jaji anamwambia kwamba hana kipaji. Ukweli ni kwamba amepangiwa kushindwa kabla hajashika kipaza sauti.

Ninafahamu kwa nini bendi iliondolewa. Wapiga vyombo wanalipwa, wanalala hotelini, na wanahitaji siku kadhaa za mazoezi na kila mshiriki, wakati muziki uliorekodiwa hauhitaji hata chakula cha mchana. Lakini fedha iliyookolewa hapo imekwenda kwenye taa, moshi wa jukwaani na mavazi ya majaji. Hata ufupi wa nyimbo unaoulalamikia unatokana na uamuzi huo huo, kwa maana muziki uliokatwa tayari kwa dakika moja na nusu hauwezi kurefushwa, hata kama ukumbi mzima umesimama unapiga makofi.

Mwalimu_Kiboriloni alijibu:

Nakubaliana na fundi, ila jambo hili halikuanzia kwetu. American Idol, shindano la kuimba la televisheni ya Marekani, ilianza mwaka 2002, na kufikia mwaka 2006 ilikuwa ikitazamwa na wastani wa watu wapatao milioni 30 nchini Marekani. Miaka saba baadaye, habari zake kubwa zilihusu ugomvi wa majaji wawili, Mariah Carey na Nicki Minaj, huku majina ya waimbaji wenyewe yakitajwa kwa nadra. Mwaka 2016 kituo cha Fox kilikisitisha kipindi hicho, na mwaka 2018 kikafufuliwa na ABC.

Kuhusu kura, ndugu wa Ngarenaro ana hoja nzito. Mwimbaji Jennifer Hudson aliishia nafasi ya saba katika shindano hilo mwaka 2004, na mwaka 2007 akapokea Tuzo ya Oscar ya uigizaji wa filamu. Kuanzia mwaka 2008 hadi 2012 ushindi ulikwenda mfululizo kwa vijana wa kiume weupe wapiga gitaa, jambo lililowafanya Wamarekani wenyewe wahoji ni nani hasa wanaopiga kura kwa wingi.

Lakini mama, umeuliza pia kama ni sisi tuliobadilika, na hapo nasema ndiyo, kwa sehemu. Kijana wa leo anajirekodi kwa simu na wimbo wake unasikika Dar es Salaam jioni hiyo hiyo. Hata zamani, Arusha haikuwahi kutegemea jopo la majaji. Makundi yetu ya hip hop yalipita njia zao wenyewe: X Plastaz walifika Ulaya, na Weusi wakajulikana nchi nzima. Shindano linaloamini kwamba bado ni mlango pekee litaendelea kuwadhalilisha watoto wetu, kwa kudhani kwamba hawana pengine pa kwenda.

MamaKwaya_Moshi alijibu:

Nawashukuru sana. Mwalimu, hoja yako ya simu naipokea nusu. Simu inampa kijana wasikilizaji, lakini haimpi mwalimu wa sauti wala bendi ya kufanya nayo mazoezi, na hivyo viwili ndivyo nilivyovithamini katika misimu ya mwanzo, pale washiriki walipokaa kambini na tukawaona wakikua wiki hadi wiki.

Maelezo ya fundi yamenifungua macho. Nimekubaliana na wenzangu wa kwaya tuandike barua kwa kituo husika, tukiomba mambo matatu: bendi irudishwe angalau kuanzia hatua ya nusu fainali, idadi ya kura za kila mshiriki itangazwe, na picha za walioshindwa usaili zisitumike kuwachekesha watu bila ridhaa yao, na pale mshiriki anapokuwa mtoto, bila ridhaa ya mzazi. Kituo kisipojibu, tutapeleka malalamiko TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano na utangazaji. Fundi, ninaomba unisaidie kuandika sehemu inayohusu ufunguo wa nyimbo, kwa sababu nataka ielezwe kitaalamu, wasije wakasema ni manung'uniko ya akina mama.

FundiSauti_Kijenge alijibu:

Nitaiandika mama. Nitaweka mifano ya nyimbo tatu za msimu uliopita na ufunguo ambao kila mshiriki alistahili kupewa.