Barua ya breve ya 4G kutoka Ujerumani: tujibu namna gani?

MufundiKatuba
Jambo benu. Tunaunganisha hapa Lubumbashi vifaa vya kufuatilia makamio ya migodi. Ndani mna moduli ya 4G inayonunuliwa Shenzhen. Vifaa 200 vimeenda kwa mteja wa Düsseldorf, na sasa avoka wa kampuni fulani ametuandikia kwamba tunavunja breve (hataza) yao ya Ulaya, inayohusu namna kifaa kinavyoomba nafasi ya kutuma data. Anataka tuchukue lisansi (ruhusa ya kulipia). Avoka wetu anasema tunyamaze, maana Kongo hawana breve hiyo. Ni kweli?

Maitre_Kampemba
Ndugu, ana haki nusu tu. Breve inashika katika nchi iliyoitoa. Kongo haimo OAPI wala ARIPO, mashirika ya Afrika yanayotoa breve kwa nchi nyingi pamoja. Huku ni sheria namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982. Mauzo ya Kolwezi na Likasi hayaguswi na breve yao. Yale ya Düsseldorf yanaguswa kabisa.

Kunyamaza ndiyo hatari kubwa. Katika kesi ya Huawei na ZTE, tarehe 16 Julai 2015, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilipanga hatua: mwenye breve anaonya, wewe unasema uko tayari kuchukua lisansi yenye masharti ya haki, yeye anaandika bei na namna alivyoihesabu, wewe unajibu bila kuchelewa. Ukiona bei ni mbaya, toa yako. Akiikataa, weka dhamana. Asiyejibu anahesabiwa hataki lisansi, na mauzo yanaweza kufungwa. Andika kwamba uko tayari, lakini hukubali kuwa breve imevunjwa wala kwamba ni halali.

Redio_Kamalondo
Omba pia jedwali linalolinganisha kila kipengele cha madai ya breve (sentensi zinazosema breve inalinda nini) na ibara ya kiwango cha 3GPP, muungano unaoandika viwango vya simu kama 4G. Kipengele kimoja kikikosekana, au kikiwa cha hiari na moduli yako haikitumii, hoja yao inalegea. Wasikutishe na orodha ya breve ya ETSI, shirika la viwango la Ulaya: kampuni inajitangazia yenyewe, ETSI haihakiki.

Kuhusu uhalali, anza na tarehe ya kipaumbele, yaani ya ombi la kwanza la breve. Seva ya 3GPP ina karatasi za mikutano ya RAN1 na RAN2 (vikundi vyake vya mawasiliano ya redio), pamoja na saa zilipopandishwa. Karatasi moja ya kabla ya tarehe hiyo ikiwa na vipengele vyote, upya umekufa, yaani uvumbuzi haukuwa mpya. Kisha linganisha madai na ombi la kwanza kabisa. Madai ya breve za simu hurekebishwa njiani yafuate kiwango, na jambo lisilokuwemo mwanzoni linaweza kuangusha breve kwa kifungu 123(2) cha Mkataba wa Breve wa Ulaya. Kipaumbele nacho kikianguka, karatasi waliyoipeleka wenyewe mkutanoni inaweza kuwageukia.

MufundiKatuba
Basi jaji wa Düsseldorf ataziangalia karatasi hizo?

Maitre_Kampemba
Hapana, na hapo wengi wanapotea. Yeye anaamua uvunjaji tu. Ubatilishaji unaombwa München: pingamizi katika Ofisi ya Breve ya Ulaya ndani ya miezi 9 tangu breve itangazwe kutolewa, baada ya hapo kesi katika Bundespatentgericht, mahakama ya breve ya Ujerumani. Jaji wa uvunjaji anasimamisha kesi akiona breve ina uwezekano mkubwa wa kuanguka. La sivyo unaweza kufungiwa mauzo kabla München hawajaamua. Fungua ile ya München mapema. Angalia pia kama mwenye breve ameiondoa chini ya Mahakama ya Pamoja ya Breve ya nchi kadhaa za Ulaya, iliyoanza tarehe 1 Juni 2023. Kama hakuiondoa, wanaweza kukushitaki huko, na huko jopo lilelile la majaji linaweza kusikiliza uvunjaji na ubatilishaji pamoja.

Yaya_Moduli
Kabla ya yote, muulize muuzaji wa moduli kwa maandishi kama chipu ina lisansi ya breve hizo na kama inafika Ujerumani. Kununua Shenzhen peke yake hakumalizi haki yao Ulaya.

MufundiKatuba
Aksanti sana. Jibu linaondoka kesho, na la muuzaji nitalileta hapa.